Kilomita Elfu Moja za Mwanzo

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yamekwisha kuishi maisha mengine kabla ya kufika. Yameendeshwa Japani kwa miaka, yakapigwa mnada, yakavuka bahari, yakaoshwa na kuegeshwa kwenye yadi yakisubiri mnunuzi. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, na Tanzania huyatoza makongwe kodi ya ziada, lakini hata lile linalokidhi masharti yote linakuja likiwa limekomaa. Mmiliki wa kawaida wa Afrika Mashariki hukutana na gari lake likiwa mtu mzima. Aliyelilea ni mtu wa Nagoya au Yokohama, ambaye hawatajuana kamwe.

Ndiyo maana pikapu mpya ya dizeli, ambayo viti vyake bado vina nailoni na kilomita zake zinahesabika kwa vidole, ni kitu kigeni hata katika nchi zilizojaa pikapu. Kwa muda mrefu, nchini Tanzania, mpya kabisa zilikuwa za serikali, zenye namba za STK, au za miradi ya wafadhili, zenye DFP, au za migodi na kampuni za watalii. Siku hizi zinaonekana pia zenye namba za njano: za mkulima, za mwenye msitu wa mbao, za mfanyabiashara aliyekwenda benki akaweka hati ya nyumba rehani. Huyu wa mwisho ndiye anayestahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu pikapu yake haina idara ya usafirishaji wala fundi wa ofisi. Ina yeye na dereva wake.

Na anapohitaji ushauri, humkuta fundi. Afrika Mashariki ina mafundi hodari sana. Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala kuna watu wanaoweza kusikiliza injini kwa dakika moja wakataja beringi iliyolegea. Wanafufua injini ambazo kwingineko zingeuzwa chuma chakavu. Lakini ustadi wao umekua kwa kutibu magari yaliyochoka, na tiba ni elimu moja, malezi ni elimu nyingine. Fundi aliyefungua injini mia moja zilizoungua huenda hajawahi kukabidhiwa hata moja iliyo na siku tatu tangu itoke dukani. Akiulizwa namna ya kuianza, atajibu kwa kile alichokiona kwenye wagonjwa.

Kinachotokea ndani ya injini mpya kinafaa kuelezwa polepole.

Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na wazo lake halijabadilika tangu hapo. Hakuna cheche. Hewa inavutwa ndani ya silinda na kubanwa mpaka sehemu ya kumi na tano au kumi na sita ya ujazo wake, ikapanda joto kupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Kila kitu kinategemea kubana huko. Hewa ikivuja, joto halifiki, mafuta hayaungui vizuri, moshi unatoka na nguvu zinapotea. Kinachozuia uvujaji ni ringi za pistoni. Kwa kawaida ni tatu: mbili za juu huzuia gesi, ya chini hukwangua oili isipande kwenye moto.

Ukuta wa silinda mpya hautoki kiwandani ukiwa umelainika kabisa. Unachanjwa kwa makusudi mistari myembamba inayokatana kwa mshazari, ili oili ipate pa kushika. Ringi nayo ni mpya. Vitu hivyo viwili vimetengenezwa kwa vipimo vya hali ya juu, lakini bado havijaoana. Vinapaswa kusuguana mpaka vilele vya mistari vipungue huku mabonde yake yakibaki na oili. Gari likienda wastani wa kilomita 60 kwa saa na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kilomita 1,000 huchukua karibu saa 17, na katika saa hizo injini huzunguka mara milioni 2. Kila pistoni imepanda na kushuka mara milioni 2. Kazi kubwa ya kuoana hufanyika humo, na haina nafasi ya kurudiwa mpaka siku injini itakapofunguliwa.

Kitabu cha mwongozo cha Toyota Hilux kinatoa maagizo machache kwa kipindi hiki. Katika kilomita 300 za kwanza, dereva asifunge breki ghafla. Katika 800 za kwanza, asivute tela. Na mpaka zitimie 1,000 asikimbize gari kupita kiasi, asikanyage mafuta kwa pupa, asikae kwenye gia ndogo muda mrefu, na asiende kwa mwendo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu.

Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Wazee wa barabarani walizoea kusema gari jipya liendeshwe taratibu, na dereva mtiifu huelewa kwamba ashike 60 kuanzia alfajiri hadi jioni. Lakini kinachozikaza ringi kwenye ukuta ni zaidi ya mvutano wake zenyewe. Gesi ya mwako hupenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Mwako ukiwa dhaifu siku nzima, ringi zinateleza juu ya oili bila kushika, na oili ile inaungua kidogo kidogo na kuacha ngozi ngumu inayong'aa kwenye ukuta. Ngozi hiyo ikishajaza mistari, hakuna cha kusugua tena. Injini itakunywa oili tangu ujana wake na mwenyewe atadhani ameuziwa gari bovu.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuiharibu pikapu mpya. Moja ni ya yule anayeitesa, nyingine ni ya yule anayeiogopa. Huyu wa pili anaipenda. Anaiwasha asubuhi na kuiacha ingurume nusu saa uani ili ipate moto, anaizungusha mtaani kwa gia ya pili, anairudisha, anaifuta vumbi. Injini ya dizeli inayonguruma bila kwenda haipati moto wa kutosha, mafuta yasiyoungua yanashuka kwenye oili, na masizi yanajikusanya. Injini inayowashwa asubuhi inahitaji muda mfupi tu oili isambae, kisha iondoke kwa upole. Itapata moto barabarani, ikiwa kazini.

Bahati nzuri, nchi yenyewe ina barabara inayofundisha. Chukua pikapu inayokabidhiwa Dar es Salaam kwa mmiliki wa Njombe. Safari ni kama kilomita 700, na yote inaangukia ndani ya kile kipindi cha kwanza. Kuanzia Kibaha kuelekea Chalinze na Morogoro, kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake. Dereva mwenye haraka huviona vibao hivyo kuwa kero, na trafiki aliye chini ya mwembe kuwa adui. Kwa injini mpya hicho ndicho hasa kinachohitajika: 50, halafu 80, halafu gia inashuka, injini inapumzika, mguu unakanyaga tena. Katika Hifadhi ya Mikumi barabara inapita katikati ya wanyama na mwendo unadhibitiwa. Baada ya Ruaha Mbuyuni unakuja Mlima Kitonga, na hapo dereva anatakiwa kuchagua gia mapema. Kupanda Kitonga kwa gia kubwa huku mguu umezama na injini ikigumia kwa mzunguko mdogo ni mzigo mzito kuliko kushusha gia na kuiacha izunguke kwa wepesi. Ukifika Iringa, kisha Mafinga, Makambako na baridi ya Njombe, injini imepanda, imeshuka, imepumua na imebanwa kwa viwango vyote. Hakuna kiwanja cha majaribio kinachoweza kuipita njia hiyo.

Tatizo huanzia pale pale Njombe, kwa sababu pikapu imenunuliwa ifanye kazi. Marejesho ya benki hayasubiri ringi zioane. Viazi viko shambani, mnunuzi yuko mjini, na keria tupu inaonekana kama hasara. Hilux imeundwa kubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva, abiria na mizigo yao. Magunia kumi ya kilo 100, ambayo ndiyo kikomo cha sheria ya vipimo Tanzania, tayari ni tani nzima kabla dereva hajapanda. Na wote wanajua kuwa gunia la viazi halikomei hapo. Lumbesa, kile kilemba kinachoshonewa juu ya mdomo wa gunia, Wakala wa Vipimo umekipiga vita kwa miaka mingi, kwanza kwa ajili ya mkulima anayepunjwa. Ubaya wake kwa gari hauzungumzwi sana. Gunia la lumbesa halina uzito unaojulikana, na dereva anayepakia magunia kumi ya namna hiyo hajui kama amebeba tani moja na robo au moja na nusu. Gari jipya lililozidishiwa mzigo wiki ya kwanza linapata joto la kupita kiasi kwenye injini, kwenye klachi na kwenye difu, ambayo meno yake nayo yanatafuta kuoana.

Ushauri wenye busara ni nusu ya mzigo mpaka kilomita 1,000 zitimie. Mkulima anaweza kuumudu. Ni safari chache za keria isiyojaa, na baada ya safari hizo za kwanza nati za tairi na zile bolti zinazofunga springi za nyuma zikaguliwe na kukazwa kwa kipimo, kwa maana chuma kipya kinapokaa mahali pake huacha nafasi.

Baada ya hapo huja sevisi, na hapa ndipo tofauti ya tiba na malezi inapouma zaidi. Kuna mambo matatu ambayo gereji nyingi huyafanya kwa nia njema kabisa kwa magari yaliyochoka, na ambayo pikapu mpya haipaswi kufanyiwa.

Jambo la kwanza ni kung'oa thamostati. Kifaa hiki kidogo hukaa kwenye njia ya maji ya kupoza injini na kubaki kimefungwa mpaka maji yafike takriban nyuzi 80, ndipo kifunguke yapite kwenye rejeta. Gari kuukuu likianza kuchemsha, fundi hukitoa na kusema nchi yetu ni ya joto, hakihitajiki. Kwa rejeta iliyoziba nusu, dawa hiyo inampa mwenye gari ahueni ya miezi. Kwa injini nzima ni ulemavu, kwa kuwa injini ya dizeli imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto lake. Ikiwa baridi, mafuta hayaungui yote, oili inachafuka haraka na kuta za silinda zinalika. Na asubuhi ya Julai huko Njombe au Makete hoja ya nchi ya joto haina hata pa kusimama.

Jambo la pili ni oili nzito. Injini iliyolika hupewa oili nene ili izibe mianya, na huko ni kuipa mkongojo. Injini mpya haina mianya ya kuziba. Njia zake za oili ni nyembamba, na turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inaelea juu ya utando wa oili tu. Oili inayochelewa kufika huko wakati wa kuwasha inaiacha ikisugua chuma kwa chuma. Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu, na kwa matoleo yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi kimeandikwa kwa masharti makali zaidi, kwa sababu majivu ya oili isiyofaa huliziba chujio hilo. Muuzaji wa duka la spea anaweza kuwa na oili nzuri, isiyo ya gari hili.

La tatu ni kuogopa weusi. Mmiliki aliyetoka kwenye gari la petroli huchomoa kijiti cha kupimia siku chache baada ya sevisi, akaona oili nyeusi tii, akadhani ameibiwa. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Cha kutazama kwenye kijiti ni kiwango. Kikishuka, kuna inayoungua au inayovuja. Kikipanda, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei, kuna dizeli inayochuruzika kwenye oili, na gari lifikishwe gereji siku hiyo hiyo.

Sifa ya Hilux yenyewe inachangia uzembe. Tangu itoke mwaka 1968 imejengewa jina la kitu kisichokufa, na mwaka 1987 wanajeshi wa Chad waliokuwa juu ya pikapu za Toyota waliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru, hata mapigano yale yakaitwa Vita vya Toyota. Mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha BBC waliizamisha Hilux kuukuu ya dizeli baharini, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti, na bado ikawaka. Mamilioni wameitazama filamu hiyo. Lakini injini ile ilikuwa na pampu ya mitambo mitupu, iliyosukuma dizeli kwa shinikizo dogo na kuvumilia uchafu mwingi. Hilux ya leo husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 2,000, wakati tairi lake lina kama bar 2 na nusu. Tundu za nozeli zake ni ndogo kiasi cha kuzibwa na chembe isiyoonekana kwa macho. Jina ni lile lile, uvumilivu kwa mafuta machafu umekwisha.

Na mafuta ni habari ndefu. Dizeli ndiyo inayoilainisha pampu yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, na yakichanganywa humo pampu inajisaga. Kwa miaka mingi uchakachuaji ulishamiri kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba vya kubaini uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei zikaribiane. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Nchi tano za Afrika Mashariki, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilikubaliana kuuza, tangu Januari 2015, dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hizo zimeyaokoa magari mengi, ingawa wenyewe hawajui. Lakini haziwezi kumfuata dereva kijijini, ambako dizeli hutoka kwenye dumu lililokaa nje msimu mzima wa mvua.

Maji ndiyo adui wa pale. Filta ya dizeli ina sehemu ya chini inayokusanya maji, na taa huwaka kwenye dashibodi yakijaa. Kuyatoa ni kazi ya dakika chache: kulegeza skrubu, kuacha maji yachuruzike mpaka dizeli safi itokee, kukaza. Dereva anayejua hivyo ameokoa seti ya nozeli, ambayo bei yake humlaza mtu macho wazi. Dereva anayeipuuza taa mpaka afike mjini, kwa kuwa gari linaenda bado, anapeleka maji kwenye bar 2,000.

Vumbi nalo lina haki yake. Kutoka Njombe kwenda mashambani, nyuma ya lori la mbao, pikapu inavuta wekundu wa barabara kwa saa nzima. Chembe za mchanga zinazopita kwenye eya klina iliyotoboka husaga ringi zile zile zilizooanishwa kwa subira ya kilomita 1,000. Kwenye gereji huwa wanaipuliza eya klina kwa kompresa, na mara nyingi upepo mkali unapasua karatasi yake mahali pasipoonekana. Anayefanya kazi vumbini aibadilishe kabla ya muda ulioandikwa, na akilazimika kuipuliza apulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Vivyo hivyo kwa oili: kitabu kikisema kilomita 10,000 kwa hali ya kawaida, kina pia ukurasa wa hali ngumu, na vumbi, milima na mzigo ndiyo hali ngumu yenyewe. Sevisi ya kila kilomita 5,000 iliyozoeleka huku ina sababu.

Kuna kitu kimoja ambacho pikapu mpya inacho na gari la mtumba haliwezi kukipata kwa fedha yoyote: historia kamili. Kilomita za gari la mnadani zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma. Nani alibadilisha mkanda wa taimingi, lini, kwa mkanda gani, hakuna anayejua. Madereva wa serikali wamezoea kuandika kila safari kwenye logi buku, na wengi huiona kuwa adhabu ya ofisi. Mmiliki binafsi aichukue kama mali. Daftari la shilingi chache, lenye tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizoingia, filta iliyobadilishwa na kituo cha mafuta, humwambia fundi mambo ambayo sikio lake haliwezi kuyapata. Siku ya kuuza, daftari hilo linaongeza bei.

Kitabu cha mwongozo kwa kawaida hutolewa kwa Kiingereza, na mara nyingi hubaki kwenye mfuko wake ndani ya dashibodi huku dereva, ambaye ndiye mwenye mguu kwenye mafuta, hajawahi kukifungua. Maagizo ya kilomita 1,000 za kwanza hayazidi nusu ukurasa. Wauzaji wa magari mapya wa Dar es Salaam na Nairobi wanaweza kuyachapa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kuikabidhi pamoja na funguo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya filta moja. Na wewe unayekwenda kuchukua pikapu yako wiki ijayo, usisubiri karatasi hiyo. Nenda na dereva wako, muombe muuzaji afungue ukurasa huo mbele yenu, muusome pamoja kabla gari halijatoka getini.